Tairi za Kushoto

Tairi ya kawaida haina kushoto wala kulia. Ile herufi R unayoiona ubavuni mwake, katikati ya tarakimu, inaeleza jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na iko kwenye tairi zote nne za gari lako na kwenye ile ya akiba pia. Nalijua hilo kwa sababu nauza vipuri Kayanga, jirani na stendi, mwaka wa kumi na moja sasa. Nililijua pia siku ile nilipomwambia shemeji yangu kinyume chake. Sikukosea. Nilimdanganya kwa makusudi mbele ya watu watano, nao wakacheka, na mimi nikafurahi sana.

Shemeji huyo ni mume wa dada yangu mkubwa. Alikuja kwetu Bugene akiwa kijana mwenye jembe na shuka moja, ametokea upande wa Burundi, akapewa kazi ya kupalilia katika kibanja chetu, kati ya migomba na kahawa. Baada ya misimu miwili dada akawa na mimba yake. Baba aliikubali ndoa ile kama mtu anavyokubali kung'olewa jino. Padri akawafungisha, wakahamia Kaisho, kule Kyerwa, wakaanza maisha kwenye kipande kidogo cha ardhi. Baba akatamka mbele yetu sote kwamba mguu wake hautakanyaga nyumba ya yule mtu wa jembe, wala chakula chake hatakionja. Akakaa na neno lake miaka kumi na minne. Dada alizaa watoto wanne, na baba aliwaona pale tu walipoletwa kwake.

Ulimi wa shemeji haujui L. Kwake zote ni R. Atakwambia reo, kurara, chakura. Na sisi wa huku, tuliokua na Runyambo nyumbani, tusijifanye watakatifu: mwalimu wangu wa darasa la tatu alinichapa kwa kuandika mlango kwa R. Nadhani ndiyo maana tulimcheka kwa bidii kiasi kile. Tulikuwa tumempata mtu anayezichanganya kuliko sisi. Halafu mashemeji wana ruhusa ya kutaniana, kila mtu anajua, na nyuma ya ruhusa hiyo nilijificha miaka mingi nikimtukana mtu mzima usoni.

Gari lake lilikuwa saluni nyeupe ya zamani yenye mlango mmoja wa rangi nyingine. Watu aliwaambia kwamba amelinunua abebe abiria wa Kaisho na Kayanga. Dada aliniambia sababu yenyewe. Magoti ya baba yalikuwa yameharibika, bodaboda hawezi tena kupanda, na shemeji alitaka siku mzee akibadilisha moyo isikosekane njia ya kumfikisha. Nilimwambia dada kwamba mume wake anaota mchana.

Kumbe haikuwa ndoto. Mtoto wao wa kwanza alipokaribia kipaimara, mama alimkalia baba kooni mwezi mzima, asubuhi na jioni, mpaka mzee akachoka. "Nitakwenda," akasema. "Nitakula kidogo, nitarudi." Dada alipopata habari alilia kwenye simu mpaka akashindwa kuongea. Alipaka chokaa ukuta wa sebule kwa mikono yake, akashona vitambaa vipya vya viti, akachagua jogoo wa kuchinjwa, akamfungia kando asije akaliwa na mgeni mwingine. Kila aliponipigia aliuliza swali lile lile: baba bado anakuja? Nilimjibu kwamba anakuja.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo shemeji alikuja dukani. Tairi zake mbili za kushoto zilikuwa kipara. Barabara zetu zinakula upande huo, kwa sababu ukipishana na lori unateremkia kwenye mawe ya pembeni.

"Shemeji," akasema, "nataka kumbeba mzee vizuri. Niambie ninunue tairi za namna gani."

Jibu lilikuwa limeandikwa pale pale kwenye tairi zake: 175/70R14. Mia na sabini na tano ni upana wake kwa milimita. Sabini ni kimo cha ubavu, kwamba ni asilimia sabini ya ule upana. Kumi na nne ni inchi za ringi inayoingia ndani. Ningemwandikia tarakimu hizo kwenye kipande cha boksi, akaondoka, na mimi leo ningekuwa na hadithi nyingine ya kusimulia. Lakini asubuhi ile mteja alikuwa amenirudishia pampu ya maji huku akiniita mwizi, na nyongo ilikuwa bado iko juu. Kaunta ilikuwa na watu wanaopenda kucheka. Na yeye alisimama mbele yangu na kofia yake mkononi, ameniamini.

Nikatoka naye mpaka kwenye gari. "Herufi gani hiyo?"

"Ari."

"R ya raiti. Si unajua gwaride? Lefti, raiti. Sasa wewe umefungiwa za raiti pande zote mbili, ndiyo maana za kushoto zimekwisha. Katafute za L."

Akazunguka gari akachungulia kila tairi. R, R, R, R. Nikaona jinsi neno langu lilivyomwingia. Aliyemuuzia gari alikuwa amempiga changa la macho, akasema, na yeye asingejua kama si mimi.

"Eri ya refti," akarudia polepole.

"L, shemeji. Uangalie, usije ukachanganya tena ukaletewa R."

Watu wakashika matumbo. Yeye naye akacheka, maana alidhani tunaucheka ulimi wake, na hilo alikwisha kulizoea. Kisha akaomba kalamu. Akaandika L kubwa kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, akaikoleza, ili akifika kwa muuzaji aonyeshe tu bila kulazimika kutamka.

Nilitegemea nini? Nilitegemea kwamba muuzaji wa tairi za mtumba atamcheka, atarudi na hasira, na sisi tutamcheka mara ya pili. Utani wangu ulikuwa na urefu huo tu. Sikukumbuka kwamba duniani kuna tairi zilizoandikwa LT.

Alizikuta sokoni, chini kabisa ya lundo. LT ni alama ya tairi za magari ya mizigo midogo na mabasi madogo, ngumu, nene, zilizotengenezwa kubeba uzito. Shemeji alizisoma mwenyewe: L ya lefti, T ya tairi. Kwa mtu aliyefundishwa nilivyomfundisha, alisoma sawasawa. Zilikuwa LT185R14, na ile R ya katikati hakuijali kwa kuwa L ilitangulia; hiyo kumi na nne nayo ililingana na ringi zake, kwa hiyo fundi alizipachika, akajaza upepo, akasema zinaingia. Kuingia ziliingia. Ila kila moja ilizidi zile za kulia kwa karibu inchi mbili za kimo. Gari likasimama limeinuka upande mmoja, na limelala upande wa dereva.

Gari la namna hiyo linateseka. Magurudumu ya kushoto ni makubwa, kwa hiyo kila mzunguko yanakwenda mbele kuliko ya kulia, na gari zima linataka kukatiza kulia, ambako wenzio wanakuja. Difu, ambayo kazi yake ni kusaidia kwenye kona, inafanya kazi hata kwenye mnyoofu, inalia, inapata moto. Mshale wa mwendo unadanganya, unaonyesha pungufu. Breki zinazidiwa na uzito ambao hazikuandaliwa kuuzuia. Na ukiweka mzigo, tairi inapanda inagusa madigadi, na ukikata kona inasugua vitu vya ndani ambavyo havitakiwi kuguswa na chochote.

Akanijia dukani kunionyesha. Safari hii hapakuwa na mteja hata mmoja.

"Zimepatikana, shemeji. Rakini gari inanivuta kuria. Mkono unauma."

Nilizitazama zile tairi na nikajua kila kitu nilichokieleza hapo juu. Kumwambia ukweli kulihitaji sentensi moja. Lakini sentensi hiyo ingeanza na maneno "nilikuwa nakucheka", na mimi sikuwa tayari kuyatamka mbele ya mtu ninayemwona chini yangu. Huo ndio ukweli na hauna mapambo. Nikamwambia tairi ngeni ni kama viatu, lazima zizoeane na gari. Akanishukuru kwa mikono miwili.

Siku ya kipaimara alifika Bugene saa moja asubuhi, amevaa koti, gari limeoshwa mpaka chini. Mama alikuwa ametangulia Kaisho tangu jana yake kusaidia jikoni. Tukapakia mikungu mitatu ya ndizi kwenye buti. Mimi nikakaa nyuma na dumu la rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, nimelibana kwa magoti. Baba akakaa mbele, kushoto, na suti yake ya kijivu anayoivaa Krismasi na misibani.

"Shikamoo, baba," shemeji alisema.

"Marahaba." Na baba hakumtazama, kama kawaida yake.

Tulipokwisha kuacha nyumba nyuma baba akasema, "Gari yako mbona imelala kwako?"

"Ni tairi za kushoto, baba. Nirifungiwa za kuria pande zote, nikaambiwa na mtaaramu nitafute za upande wake. Nimezitafuta siku tatu, kwa ajiri yako." Akaniangalia kwenye kioo. Macho yake yalijaa heshima.

Baba hajawahi kuendesha kitu zaidi ya baiskeli. Alitikisa kichwa, akafikiri. Halafu akasema, "Umehangaika, mkwe."

Mkwe. Miaka kumi na minne hakuwahi kumwita hivyo. Nikaona shingo ya shemeji inakakamaa, na kwa mwendo mrefu aliendesha kama aliyebeba mayai, akihofia labda neno lile litarudishwa. Nilisikia uchungu, na sitadanganya kwamba ulikuwa uchungu wa toba. Ulikuwa wivu. Mtu wa jembe alikuwa amekubaliwa na baba yangu kwa uongo niliomtungia mimi.

Lami ilipokwisha na mashimo kuanza, nikasikia tairi ya mbele inakwaruza. Krrr, kila shimo. Kisha kwenye kona, sauti nyingine, laini, ya mpira kusugua mpira. Harufu ikafuata. Baba akauliza kama kuna mtu anachoma takataka. Shemeji alikuwa ameushika usukani kwa nguvu zote kuurudisha kushoto, jasho linamtoka chini ya kofia, na bado anatabasamu. Mimi nilijua kilichoko pale. Nyuma ya gurudumu la mbele kuna kibomba cha mpira kinachopeleka mafuta ya breki, hakizidi unene wa kidole. Ndicho kilichokuwa kinasuguliwa. Nilifungua mdomo mara mbili. Mara zote mbili nikasikia lile neno, mkwe, nikaufunga. Nilijiambia tukifika nitamwita pembeni.

Hatukufika. Kwenye mteremko mrefu, jirani na mahali wanapoanika kahawa, alikanyaga breki na kanyagio likazama. Kibomba kilikuwa kimepasuka; breki zilibaki nusu, na nusu ile ilikamata zaidi upande wa kulia, upande ule ule gari lilikokuwa linataka kwenda tangu asubuhi. Tukakatiza barabara. Namshukuru Mungu hapakuwa na mtu aliyekuwa anapanda. Tuliingia mtaroni, tukavunja migomba miwili, tukasimama. Kizibo cha dumu kiliruka na rubisi yote ikammwagikia baba kutoka kichwani mpaka kiunoni.

Baba hakuumia, ila paji la uso lilivimba kidogo. Tulimtoa. Watu waliokuwa wakianika kahawa wakaja wakasaidia, na walipohakikisha hakuna aliyekufa wakaanza kucheka, maana mzee mwenye suti na tai alikuwa ananuka kilabu saa mbili asubuhi. Dereva wa lori akasimama, akashuka, akazunguka gari letu mara moja.

"Nani amefunga tairi za gari la mzigo upande mmoja?"

"Ni za kushoto," shemeji akamwambia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwelimisha mwenzake. "Zimeandikwa."

"Zimeandikwa nini?"

"Eri Ti. Refti tairi."

Yule dereva hakucheka mara moja. Alimtazama kwanza, akahakikisha hatanii. Kisha akawageukia watu na kuwaeleza, taratibu, neno kwa neno, na kicheko kikapanda mpaka ng'ambo ya barabara. Mwanamke mmoja alikaa chini kabisa. Shemeji alisimama katikati yao akitazama tairi, halafu kiganja chake, ambako ile L ilikuwa imefutika siku nyingi.

Baba akasema, "Mtaalamu gani alikuambia?"

Shemeji akanigeukia. Hakuninyooshea kidole. Aliniangalia tu na akanipa muda. Nasema akanipa, kwa sababu jibu lilikuwa kinywani mwake na hakulitoa. Alitaka nilitoe mimi. Watu wakanitazama, baba akanitazama, rubisi inamchuruzika kwenye ndevu.

"Sijui," nikasema. "Labda huko kwao ndivyo wanavyosoma."

Wakacheka upya. Baba hakucheka. Alimgeukia shemeji na kumwambia kwa Runyambo, ambayo shemeji anaisikia vizuri kabisa, kwamba aliyezaliwa kwa jembe afe na jembe, na kwamba yeye alijua tangu mwanzo na amejidhalilisha bure kwa maneno ya mwanamke. Likapita gari dogo linalokwenda Kayanga, akalisimamisha kwa fimbo. Nikapanda naye. Hakuna aliyeniomba kupanda. Nilipoangalia nyuma shemeji alikuwa amepiga magoti kwenye mtaro anatoa mikungu ya ndizi kwenye buti, moja moja, anaipanga pembeni ya barabara.

Saa sita dada akapiga simu. Ibada ilikuwa imekwisha, mtoto amepata kipaimara bila baba yake wala babu yake kuwepo, na chakula kiko mezani. "Mmefika wapi?" akauliza. Nikamwambia gari limeharibika, baba amerudi nyumbani. Akauliza kama atakuja jioni. Nikasema hapana. Akauliza kama atakuja siku nyingine. Nikakata simu, baadaye nikamwambia mtandao ulikuwa mbaya.

Baba hajaenda Kaisho, na hatakwenda. Mama akianza tu kulitaja, anauliza kama huko bado wanavaa viatu viwili vya mguu mmoja, na mazungumzo yanaishia hapo.

Nilikwenda mimi, mwezi na nusu baadaye, kwa sababu dada aliniita. Ukuta wa sebule ulikuwa bado mweupe. Gari lilikuwa nje, limewekwa juu ya magogo bila tairi hata moja, na kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha dereva. Shemeji alinikaribisha, akanipa kiti chenye kitambaa kipya, akatoka kwenda kuchota maji. Dada akakaa mbele yangu. Alikuwa amekonda.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja," akasema. "Mume wangu hajui magari. Nimemuuliza nani alimwambia ujinga ule, anasema, 'Ni akiri yangu mwenyewe.' Nimemtukana maneno ambayo sikuwahi kumtukana, na watoto wanasikia. Sasa wewe ndugu yangu, unayeuza hivi vitu, uliziona zile tairi kabla ya safari?"

"Niliziona."

"Kwa nini hukumwambia?"

Wakati huo shemeji alikuwa amekwisha kuingia na jagi na beseni. Alisimama mlangoni. Alilisikia swali.

"Hakuniuliza," nikasema.

Dada akamgeukia mume wake kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona kwake, jicho la baba. "Umesikia? Hata kuuliza hukuuliza."

Shemeji alikuja mpaka nilipokaa, akainama, akaweka beseni chini ya mikono yangu, akaanza kuninawisha.